Mguu na Kidole Gumba cha Bi Sitini

Huyu ndiye Bi Sitini Asiyeacha Mtu Nyuma, dereva wa gari la maiti. Ni binti wa mwendesha trekta aliyelima kiwanja cha shule kwa mistari iliyonyooka, mpaka mwalimu wa hesabu akawatoa watoto darasani waje waitazame. Ni mjukuu wa mkunga aliyezalisha wanawake wa mtaa mzima bila kupaza sauti, na aliyemfukuza kila mume aliyesimama mlangoni akiuliza, "Bado?" Ni mke wa fundi cherehani ambaye hajawahi kumrudishia mtu suruali fupi. Yeye mwenyewe, ujanani, aliendesha lori la maziwa, akalishusha mlimani madebe yakiwa yamejaa mpaka shingoni, na maziwa yakafika yote. Baadaye alipewa gari la wagonjwa, akaliacha kwa sababu kila siku walimwambia aongeze mwendo. Ndipo akaenda kuendesha maiti. Huko hakuna aliyemharakisha.

Sitini ndiyo ilikuwa spidi yake ya barabara kuu. Amekufa tajiri, sitini. Amekufa mtu asiye na kitu, sitini vilevile. Watu walisema, ukitaka kujua kama kipima mwendo cha gari lako ni kizima, mpe Bi Sitini akuendeshee kidogo. Mshale ukionyesha namba nyingine, peleka gari kwa fundi.

Asiyeijua kazi hii hudhani ni kushika usukani tu. Msafara wa mazishi una mpangilio. Gari la maiti linatangulia. La pili ni lile dogo la maua. Kisha wafiwa, kisha ndugu wa mbali, kisha basi la kukodi la majirani, ambalo kwa kawaida ndilo bovu kuliko yote. Wa nyuma hawajui njia, na wengi wao wanalia, na mtu anayelia si dereva, ni abiria aliyeshika usukani. Kwa hiyo wa mbele ndiye anayewaendesha wote.

Bi Sitini alikuwa na namna yake. Akitaka kupunguza mwendo, aligusa breki mara mbili, taratibu sana, kiasi cha taa za nyuma kuwaka na kuzima bila gari kushtuka. Watu waliiita namna hiyo kukonyeza. "Bi Sitini amekonyeza," anasema dereva wa nyuma, naye anaondoa mguu kwenye mafuta. Wakifika kwenye matuta au njia panda, yeye akishavuka aliburura gari kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka, mpaka aone kwenye kioo cha pembeni kwamba gari la mwisho nalo limevuka. Hapo ndipo anarudi sitini yake. Hakuwahi kukaa akafikiri jambo hilo. Mguu ndio uliongoja, wenyewe, kama ng'ombe anayejua mlango wa zizi.

Sasa goti la mguu huo huo likaharibika.

Lilianza kwa kulalamika ngazini, likahamia kwenye gari. Mguu ukikaa umening'inia juu ya mafuta, bila kukanyaga wala kupumzika, goti liliwaka moto. Mumewe alimkanda kwa mafuta ya moto kila jioni, akamfunga kitambaa kilichobaki kwenye suruali za wateja. Bi Sitini alikuwa na goti la rangi mbalimbali na hakumwambia mtu.

Lakini kampuni ya mazishi ilikuwa ya mtoto wa kaka yake, na mtoto wa kaka ana macho. Kazini walimwita Mkurugenzi. Siku moja alimwita shangazi yake ofisini, akafunga mlango, akampa kiti chenye mto.

"Shangazi, juzi ulishuka kwenye gari ukajishikilia kwenye jeneza."

"Nilijishikilia kidogo."

"Watu walidhani umezidiwa na uchungu."

"Nilizidiwa."

"Marehemu ulikuwa humjui, shangazi. Wenyewe wameanza kuulizana wewe ni nani wake. Mkewe ameuliza mara mbili."

Hilo Bi Sitini hakuwa ameliwaza.

Mkurugenzi akasema limekuja gari jipya, na akamtoa nje kumwonyesha. Lilikuwa jeusi, refu, safi, na upande wa kulia wa usukani, pale kidole gumba kinapolala, kulikuwa na swichi ndogo ndogo. Watu wa magari huziita kruzi. Hii ya kuamsha mtambo. Hii ya kushika mwendo: ukifika sitini unaibonyeza, unaondoa mguu, gari linakwenda sitini lenyewe. Hii ya kujumlisha ni ya kuongeza kidogo kidogo, hii ya kutoa ni ya kupunguza.

"Na mguu wangu unafanya nini?"

"Unapumzika sakafuni."

"Na nikikonyeza?"

Mkurugenzi akakuna kichwa. "Hapo ndipo penye shida kidogo. Ukigusa breki tu, linasusa."

"Linasusa nini?"

"Linaacha kazi. Linakuachia wewe. Lakini unalibembeleza kwa swichi hii ya chini. Ukiibonyeza linakumbuka mwendo wa mwanzo, linaurudia lenyewe. Tena likiwa chini ya arobaini halikubali kushika wala kukumbuka. Lazima ulifikishe arobaini kwanza kwa mguu."

"Linasusa, linabembelezwa, na lina masharti," alisema Bi Sitini. "Nimeolewa miaka mingi. Nitaliweza."

Mkurugenzi hakucheka, maana alikuwa bado na la kusema. Jumamosi kulikuwa na mazishi ya mbali, mzee mwenye duka la vioo, anazikwa kwao. Njia ndefu kuliko zote za mwaka huo. Shangazi akienda na kurudi salama kwa swichi hizo, usukani ni wake mpaka auchoke mwenyewe. Asipoweza, ataacha funguo mezani, naye atakuja kukaa ofisini kupokea wateja.

Bi Sitini alishawahi kupokea wateja asubuhi moja, mhudumu alipougua. Alimwambia mteja wa kwanza kwamba jeneza alilochagua ni zuri mno ukilinganisha na jinsi alivyomtunza baba yake. Mteja wa pili hakuingia. Kwa hiyo wote wawili walijua kwamba ofisini si mahali pa kumweka, na kwamba kumweka huko maana yake ni kumrudisha nyumbani kwa mzunguko.

Nyumbani alichukua kifuniko cha sufuria, akabandika maharage kwa unga wa ngano uliokorogwa, kila harage mahali pa swichi yake, akakaa kwenye kochi na kifuniko mbele yake. Mumewe alikuwa kwenye cherehani.

"Mama watoto, unaelekea wapi?"

"Makaburini."

"Mwendo gani?"

"Sitini."

"Punguza basi, umekaribia kabati."

Bi Sitini akagusa sakafu kwa mguu mara mbili, akabonyeza harage la chini kwa gumba. "Nimeshapita."

"Gari likienda lenyewe, wewe unakwenda kufanya nini humo?"

"Kukaa na marehemu. Utamwacha peke yake?"

Mumewe akafikiri, akaona ni jibu, akaendelea kushona. Mpaka wakati wa kulala Bi Sitini alikuwa amevuka matuta mengi sana, na harage moja lilikuwa limelegea.

Jumamosi msafara ulitoka vizuri. Kando yake alikaa Bega, mkuu wa wabebaji jeneza, mtu mpana aliyekuwa na desturi ya kuomba ruhusa kabla ya kupiga chafya. Wabebaji wenzake walikuwa kwenye basi la majirani, huko mwisho kabisa. Gari la maua liliendeshwa na Dada Maua, mama mzima wa watoto watatu, aliyekaa nyuma ya taa za Bi Sitini kwa miaka hata akazijua kuliko sura ya Bi Sitini mwenyewe. Mkurugenzi alipanda na wafiwa.

Walipotoka mjini barabara ikanyooka. Mshale ulipogusa sitini, Bi Sitini alibonyeza. Akaondoa mguu polepole, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Gari halikupungua. Halikuongezeka. Mguu ulikaa sakafuni kama mgeni aliyekaribishwa kiti, haujui uweke wapi mikono yake, kisha ukazoea. Goti likanyamaza. Lilikuwa halijanyamaza barabarani tangu mvua za mwaka uliopita.

"Mama," alisema Bega, "leo unaendesha kama umejilaza kitandani."

"Ninaendesha vilevile."

"Lakini unatabasamu. Tumebeba mtu."

Akaacha kutabasamu.

Mara tatu alikonyeza: kwa lori lililobeba mbao, kwa mbuzi, na kwa njia panda yenye askari. Mara tatu gari lilisusa, na mara tatu alilibembeleza kwa gumba likarudi. Nyuma, kwa Dada Maua, taa ziliwaka na kuzima kama zamani. Hakuna aliyejua kwamba aliyekuwa anaendesha sasa hivi ni swichi. Bi Sitini alijiona ameshinda, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa dereva.

Wakafika kwenye kituo kidogo cha biashara chenye maduka kila upande na matuta mengi, marefu kwa kimo, yaliyojengwa na mtu mwenye hasira. Akakonyeza. Gari likasusa. Akavuka la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, na jeneza halikutoa hata mlio. Huko nyuma msafara ulikuwa bado unapanda na kushuka, basi la majirani likiwa halijafika hata tuta la kwanza.

Hapa ndipo mguu ulipaswa kungoja. Ulianza kungoja. Uliningʼinia juu ya mafuta, gari likajiburura, na goti, lililokuwa limezoea raha asubuhi nzima, likawaka kwa hasira mpya. Na pale karibu, kwenye arobaini, ndipo raha ilipokuwa. Chini ya arobaini maumivu, juu yake nafuu. Bi Sitini alikanyaga kidogo, akaiona arobaini, na gumba likabonyeza lenyewe, kwa mazoezi ya kifuniko cha sufuria.

Gari likakumbuka sitini. Likaenda kuifuata.

Kona ikafuata, miti ikafunga nyuma yao. Bi Sitini alitazama kioo cha kushoto, akaona barabara. Akatazama cha kulia, barabara. Akajiambia kona imewaficha. Baada ya muda akatazama tena. Barabara ilikuwa imenyooka kama rula.

"Bega, geuka. Nani yuko nyuma?"

Bega alichungulia kwenye kidirisha. "Marehemu."

"Nyuma ya marehemu."

"Hakuna mtu, mama."

Gari la maiti halisimami njiani. Hiyo ni sheria ya kazi kila mahali, maana likisimama tu watu wanatoka majumbani kuja kuuliza ni nani na ameacha nini. Kugeuka nalo ni vibaya zaidi. Hakuna ndugu anayependa kukutana na jeneza la baba yake likirudi. Bi Sitini alikonyeza, ingawa hapakuwa na wa kumwona, akashuka mpaka ishirini, akajiburura na goti lake likiwaka. Lakini bango la makaburi lilikuwa limeshatokea, na wachimba kaburi watatu walikuwa wamesimama, makoleo kifuani, wakiwa wamevua kofia.

Akaegesha. Akashuka bila kujishikilia popote. Akaenda kusimama nyuma ya gari, mkono kwenye kitasa, kama mwenye duka anayengojea wateja.

Mchimbaji mkubwa alitazama barabara, akatazama jeneza kupitia kioo, akarudisha kofia kichwani.

"Huyu hana ndugu?"

"Anao. Wanakuja."

"Waligombana?"

"Wanakuja, nimesema."

"Sisi tulichimba kwa ajili ya watu wengi," alisema yule mchimbaji, kana kwamba kaburi lingepunguzwa. "Tumeombwa hata viti."

Wabebaji walikuwa kwenye basi. Bega peke yake hawezi kubeba jeneza, ingawa alijitolea. Wakakaa wote sita, ukimhesabu marehemu, na ndege mmoja akaja akatua juu ya gari, akatazama, akaondoka.

Huko kwenye matuta ilikuwa hivi. Dada Maua aliliona gari la mbele likiondoka. Alijua mara moja kwamba si kawaida, maana taa hazikuwa zimemwambia kitu. Nyuma yake mwana wa kiume wa marehemu akapiga honi ndefu, akatoa kichwa dirishani:

"Kimbiza! Baba anaondoka!"

Dada Maua alikuwa na gari jepesi na barabara wazi. Angeweza kumkuta Bi Sitini kabla ya kona. Lakini kwenye kioo aliona basi la majirani limekaa juu ya tuta kama kuku juu ya mayai, matairi ya mbele upande mmoja na ya nyuma upande wa pili, na abiria wameanza kushuka ili walisukume. Akajiburura. Honi zikawa tatu, zikawa tano. Mkurugenzi mwenyewe alitoa mkono nje akiupunga kwenda mbele, mbele! Dada Maua aliitikia kwa kichwa na hakuongeza chochote. Basi liliposhuka na watu wakapanda, ndipo akakonyeza mara mbili, taratibu, akaongoza watu wote kufuata gari lililobeba mashada ya maua.

Walipofika, wa kwanza kushuka alikuwa mjane. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwavuli. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Sitini, na watu wote wakasogea wasikie dereva atakavyotukanwa.

"Amefika zamani?" aliuliza mjane.

"Amefika kidogo, mama. Naomba radhi. Kosa ni langu."

"Hajawahi kunisubiri hata siku moja, huyu. Harusini alinitangulia. Nilimkuta ameshakaa, ameshaanza kula." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Nilijua hata leo atafika kabla yangu. Haya, mshusheni, asije akaanza kunung'unika."

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo ni zuri msibani, na mzee akazikwa kwa heshima zote.

Kurudi, gari lilikuwa tupu na hapakuwa na wa kumfuata. Bi Sitini alitumia swichi njia nzima, mguu sakafuni. Bega alipiga chafya bila kuomba ruhusa, na hata hilo halikusemwa.

Uani kwa kampuni, Mkurugenzi alimsogelea akiwa na uso wa mtu aliyepata bahati asiyoielewa.

"Shangazi, wameridhika! Yule kijana wa marehemu anasimulia kwa simu huku anacheka. Umekwenda, umerudi, gari halina hata mkwaruzo. Maneno yangu ni yale yale. Usukani ni wako."

"Na watu?"

"Watu walifika."

"Walifikishwa na nani?"

Mkurugenzi akatupa jicho kwenye gari la maua.

Bi Sitini akamwita Dada Maua, aliyekuwa anafagia majani yaliyodondoka garini.

"Wewe. Pale kwenye tuta, kwa nini hukunifuata?"

Dada Maua aliona ndio mwisho wa kazi yake. "Mama, nisamehe. Basi lilikuwa limekwama. Ningekufuata wewe, wangebaki wenyewe, na pale mbele kuna njia mbili."

"Ulipigiwa honi."

"Nilipigiwa. Hata bosi alinipungia mkono."

"Sikuwa nakufukuza," alisema Mkurugenzi. "Nilikuwa nakuhimiza."

Bi Sitini alitoa funguo mfukoni, akazishika kwa muda. Nafuu aliyoipata asubuhi ile kwenye barabara iliyonyooka ilikuwa nafuu ya kweli, na angeweza kuipata Jumamosi nyingine, na nyingine. Kila penye matuta goti lingemwambia twende, na gumba lingeitikia. Alilijua sasa hivi, kama alivyojua spidi bila kutazama mshale.

"Mwanangu," alimwambia Mkurugenzi, "gari lako halina ubaya. Swichi ni nzuri. Lakini leo aliyeendesha pale kwenye matuta ni goti, na goti halijaajiriwa hapa."

"Shangazi, tunaweza kutafuta daktari..."

"Tutatafuta. Na daktari atatafuta goti, si dereva. Dereva huyu hapa." Akampa Dada Maua funguo.

Dada Maua alirudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi nimezoea maua. Maua hayana ndugu wa kulalamika."

"Leo umeongoza ndugu wote na basi lao. Shika."

Akashika.

"Sasa nisikilize vizuri, na wewe mtoto wa kaka usiondoke, unahusika. Kesho asubuhi utachukua gari hili likiwa tupu. Mkurugenzi atapanda lile basi bovu la majirani, ataliendesha mwenyewe, akae mwisho kabisa. Utamwongoza mpaka kule kwa mzee wa vioo na kumrudisha. Barabara kuu, tumia swichi, usione haya. Ukikaribia matuta, konyeza, na gumba likae juu ya usukani, mbali kabisa na vile vidubwasha, mpaka umwone kwenye kioo ameshuka tuta la mwisho. Akikupotea mara moja, rudini mwanzo, muanze upya."

"Shangazi, kesho nina wageni ofisini."

"Waambie una msiba." Akamgeukia tena Dada Maua, akamfunga vidole juu ya funguo kwa mkono wake mwenyewe. "Na akianza kukupigia honi, mwache apige. Usiongeze mwendo."